Kidhibiti cha Kumi na Mbili

Ujumbe uliingia saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Kagaruki akiwa na chapati mdomoni.

MGONJWA MMOJA KAFUMBUA MACHO. KAMACHUMU.

Aliiacha chapati kwenye sahani. Aliiacha na chai, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kunyweka, na hilo lilimuuma kuliko chapati.

Dakika tatu baadaye Land Cruiser kuukuu ilitoka Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, kwa kishindo, ikaruka tuta la kwanza bila kupunguza mwendo, ikashika barabara ya Muleba. Bastola aina ya Browning ilikuwa chini ya kiti. Simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na shavu.

"Sema."

"Kimewashwa saa mbili na dakika kumi na nne," alijibu Shamsa kutoka Dodoma. Shamsa alikuwa mkuu wake wa kazi, mdogo kwake kwa miaka ishirini, na hakuwa na desturi ya kusalimia. "Kimoja tu. Kumi na kimoja bado kimya."

"Ghala?"

"Nyumba. Katikati ya migomba."

"Nakwenda."

"Kagaruki. Wakaguzi ni kesho, saa nane mchana."

"Najua kesho ni lini."

Akakata.

Bartholomayo Kagaruki alikuwa na miaka hamsini na tisa, goti moja bovu na miezi miwili ya kazi iliyobaki. Alipojiunga na Kitengo kile kisicho na kibao mlangoni, alidhani atamaliza maisha akifukuza wezi wa siri za makombora. Badala yake alifukuza kahawa ya magendo, mafuta ya magendo, na mara moja, kwa muda wa wiki tatu za mvua, ng'ombe. Sasa walikuwa wamempa pampu za maji. Alikuwa amechoka, na hakuona sababu ya kuwaficha watu jambo hilo.

Lakini pampu hizi zilikuwa na uzito wake. Mji wa Bukoba ulivuta maji ziwani kwa pampu kumi na mbili, na kwa miaka mingi zote zilizunguka kwa nguvu zao zote, mji uwe na kiu au uwe umelala. Umeme uliliwa. Mabomba yalipasuka kwa shinikizo, maji yakamwagika mitaroni. Ndipo Mfuko wa Maji na Umeme wa Miji ukatoa fedha za umma kununua vidhibiti kumi na viwili, masanduku ya chuma ya kuipunguza mbio kila pampu pale mji usipohitaji maji mengi. Kesho saa nane wakaguzi wa Mfuko wangekuja kupima. Umeme ukionekana umepungua, fedha za awamu ya pili zingetoka na bomba lingekwenda Muleba, kilima kwa kilima, mpaka Kimwani. Usipopungua, fedha zingerudi Dodoma, na akina mama wa Muleba wangeendelea kupanda milima na madumu kichwani.

Jumatatu Kagaruki alikuwa amefungua kidhibiti kimoja pale kituoni. Taa ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Ndani mlikuwa na kipande cha zege.

Vyote kumi na viwili vilikuwa hivyo, zege la kuongezea uzito na betri ndogo ya kuwashia taa. Vile vya kweli vilikuwa vimebadilishwa ghalani, na ghala lilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja ulikuwa kwa Mhandisi Mutalemwa, msimamizi wa mradi, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa "safarini kikazi". Shamsa alijua kilichobaki: kampuni moja ya nje iliyokosa zabuni ilitaka kipimo kifeli, ili zabuni ianze upya. Ilikuwa imemtuma mtu anayejiita Viktor. Viktor akishavivusha vidhibiti ziwani, hakuna ambaye angevipata tena.

Kila kidhibiti cha kweli kilikuwa na laini ya simu ndani yake. Kikiwashwa tu, hutuma ujumbe makao makuu. Mutalemwa alilijua hilo. Lakini alizijua pia ofisi za serikali, na aliamini kwamba ujumbe ukiingia hakuna atakayeusoma. Kwa miaka ishirini ya kazi yake alikuwa hajakosea.

Safari hii Shamsa aliusoma.

*

Kamachumu, nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya udongo mwekundu, ndani ya kibanja kilichotunzwa, migomba imetandazwa nyasi chini yake. Nyuma lilisimama tangi jeusi jipya. Kifaa cha kunasa mawimbi, kidogo kama kipande cha sabuni, kililia mara moja mfukoni mwa Kagaruki, kikafa betri. Alikuwa amekizoea. Alifungua boneti, akamwaga maji ya rejeta yote kwenye majani, kisha akaenda mlangoni akichechemea.

"Hodi hapa."

"Karibu, tata, karibu." Alitoka bibi mrefu mwenye miwani na kitenge cha kwaya ya Kilutheri. "Nani mwenzetu?"

"Msafiri tu, mae," alijibu, akimwita mama kwa Kihaya kama yeye alivyomwita baba. "Gari limekauka maji. Naomba kidogo."

Bibi alicheka mpaka akashika mlango. "Umekuja siku yake! Ungekuja jana ningekupa pole tu."

Alikuwa Mwalimu Kokushubila, mjane, mstaafu wa shule ya msingi pale pale kijijini. Alimketisha sebuleni, akamwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyostahili, kisha akaleta bilauri ya maji kwa mikono miwili. Kidhibiti kilikuwa ukutani, chini ya kalenda ya kanisa. Waya mmoja ulishuka bondeni kwenye pampu ya chemchemi. Kibandiko cha mradi kilikuwa kimekwanguliwa nusu.

"Mwanangu Mutalemwa kaniletea," alisema Mwalimu. "Fundi kamaliza leo asubuhi. Nimefungua bomba, nikalia, sikufichi. Miaka hamsini nimeteremka bondeni na kupanda. Saa kumi jioni nawafungulia na majirani, kila mtu achote."

Kagaruki aliyanywa maji. Yalikuwa baridi na masafi, na aliona aibu.

"Mwanao yuko mjini, mae?"

"Siku hizi anashinda Bumbire, kisiwani. Kazi ya serikali. Jumapili kaniletea sangara wa huko, mkubwa hivi."

Bumbire hakukuwa na mradi wowote wa maji. Kagaruki alitafuna kahawa yake polepole.

"Ngoja nimwambie tumepata mgeni wa kwanza wa maji," Mwalimu alisema, na kabla Kagaruki hajapata neno la kumzuia, Nokia ilikuwa imeshapigwa. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo aliongea kwa spika.

"Mae, shikamoo."

"Marahaba. Tuna mgeni! Kaja kuomba maji, waitu, nimempa."

"Mgeni gani?" Nyuma ya sauti ya Mutalemwa kulikuwa na mlio wa injini na mwanamke akitaja bei kwa Kisukuma.

"Mtu mzima. Ana gari kubwa, anachechemea mguu wa kulia."

Mutalemwa alishusha sauti.

"Mpe maji aende zake, mae."

Simu ikakatika. Mwalimu aliitazama, akamtazama mgeni, akatazama ukutani. Kagaruki alisimama akashukuru, akajaza maji rejeta, akaondoka. Alijua amebakiwa na saa chache sana.

Njiani alimpigia Shamsa.

"Kipo ukutani kwa mama yake."

"Kitoe."

"Nikikitoa atampigia, na kumi na kimoja vitavuka leo hii. Nipe boti ya polisi."

"Wapi?"

"Bumbire. Ipite nyuma ya kisiwa. Isionekane mpaka nitakapoita."

"Mama mtu anajua?"

Kagaruki alifikiri. "Hajui. Nadhani hajui."

*

Mtumbwi wa injini ya Yamaha ya nguvu arobaini ulimfikisha kisiwani saa tisa mchana, amelowa mpaka kiunoni. Mwaloni, ufukwe wa kushushia samaki, alipokelewa na Limi, mchuuzi wa dagaa kutoka Geita, ambaye kwa miaka sita alikuwa macho ya Kitengo pale kisiwani.

"Mzee, wewe bado hujaenda kuzeekea nyumbani?"

"Bado miezi miwili. Yuko wapi?"

"Injinia? Yule pale kwenye boti nyeupe na mgeni wake. Wanasubiri petroli." Limi alitema mate pembeni. "Kafunika maboksi kwa magunia ya dagaa. Nauliza, dagaa wa wapi? Hii ni mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa. Wiki nzima hakuna aliyewasha taa ziwani, mitumbwi yote iko nchi kavu. Kisiwa kizima kinamcheka, yeye anadhani amejificha."

"Magunia yana nini?"

"Dagaa wa mwaka jana. Vumbi tupu."

Kagaruki aliitazama boti. Ilikuwa ya fiba, yenye injini mbili. Viktor alikuwa mtu mwekundu mwenye kofia ya turubai. Mutalemwa alikuwa mwembamba, mwenye shati la ofisini lililotota jasho.

"Unaweza kuzifikia injini?"

Limi alimtazama kama mtu aliyeuliza swali la kijinga. "Mimi ndiye ninayewapikia. Naosha sufuria pale pale."

Akaenda na sufuria zake.

Kagaruki alishuka mchangani taratibu, kofia usoni, Browning chini ya koti, kama mnunuzi. Alijaribu kutembea sawasawa. Goti lilikataa.

"Ni wewe," Mutalemwa alisema, alipokuwa bado hatua kumi. "Wewe ndiye uliyeomba maji kwa mama yangu."

Viktor hakuuliza kitu. Bastola ilikuwa mkononi mwake tayari.

"Washa," alimwamuru nahodha nyuma yake.

Injini ya kwanza ilikohoa, ikanyamaza. Ya pili haikukohoa hata kidogo. Nahodha aliinama, akainuka na macho makubwa. Mipira ya mafuta haikuwepo.

Limi alikuwa anapanda juu ya mwalo na sufuria zake kichwani, bila haraka yoyote.

"Kaeni tuongee," Kagaruki alisema, akasogea, akaketi juu ya gunia lao la dagaa lililoachwa mchangani kando ya boti. Alikuwa amechoka kweli, hakuwa anaigiza. "Mimi nimesimama tangu asubuhi."

Viktor alipiga risasi. Mchanga uliruka karibu na kiatu cha Kagaruki. Watu mwaloni wakalala kifudifudi.

"Mikono juu!"

Kagaruki aliinua mikono. Mkono wa kushoto uliinuka na gunia lililofumuliwa mdomo, na vumbi la dagaa wa mwaka mzima likamwagikia Viktor machoni, puani, kooni. Alipiga risasi ya pili, ikaenda mbinguni. Ya tatu hakuipata. Kagaruki alimgonga kifundo cha mkono kwa kitako cha Browning, akamwangusha mchangani, akamkanyaga kifuani kwa mguu mzima.

"Shamsa," alisema kwenye simu, akihema vibaya. "Waite."

Boti ya polisi ilizunguka ncha ya kisiwa.

Mutalemwa hakukimbia. Alikuwa ameketi mchangani, viatu vyake vya mjini vimejaa maji. Chini ya turubai na magunia, masanduku yalikuwa kumi na moja, mazima.

"Awamu ya pili inapita kijijini kwenu," Kagaruki alimwambia. "Uliijua?"

"Niliichora mimi." Mutalemwa alicheka kidogo. "Nimeichora mara nne, kwa mawaziri wanne. Tangu niko darasa la tatu naambiwa bomba linakuja. Nikasema, basi, mama yangu nimpe mimi mwenyewe, mkono kwa mkono. Akinywa, na anywe kabla hajafa."

"Na wengine?"

Mutalemwa alinyoosha mikono kwa polisi. Pingu zilipofungwa ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, "Ukienda kukitoa, mwambie kimeharibika. Mwambie nimekipeleka kutengenezwa. Tafadhali, mzee wangu."

Kagaruki alisema atajaribu.

*

Saa tatu asubuhi ya siku iliyofuata, vidhibiti kumi na kimoja vilikuwa vinafungwa kituoni Bukoba, na Land Cruiser ilikuwa tena mwisho wa njia ile nyekundu. Kagaruki alikuwa ameuandaa uongo wake tangu Kemondo. Alishadanganya mabalozi. Alishamdanganya mkewe kuhusu kila kitu isipokuwa mshahara.

Mwalimu Kokushubila alikuwa barazani, amevaa vizuri, mikono mapajani.

"Shikamoo, mae. Kile chombo kimeonekana kina hitilafu, mwanao ameniomba—"

"Tata." Alisema bila ukali. "Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Usinisomee hadithi."

Kagaruki alivua kofia.

"Ulipoondoka nilichukua kitambaa nikafuta kile kibandiko. Kimeandikwa mradi wa maji Bukoba. Nikampigia mwanangu usiku kucha, hapokei." Alivua miwani, akaifuta. "Yu hai?"

"Yu hai, mae. Hana jeraha."

"Mmemfunga."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayesikia matokeo ya mtihani aliyoyategemea. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kikibaki hapa, inakuwaje?"

Kagaruki alimweleza yote. Wakaguzi, kipimo, bomba la kilima kwa kilima. Hakumwambia miaka mingapi, kwa sababu hakuijua.

"Basi kichukue," Mwalimu alisema. "Lakini niache kwanza watu wachote. Jana jioni walichota wachache, giza likaingia."

Kagaruki aliangalia Casio yake. Saa tatu na nusu. Mwendo wa saa moja na nusu hadi Bukoba. Kukifunga, saa moja nyingine.

"Waite," alisema.

Walikuja. Walitoka kwenye kila kibanja, wanawake kwa wanaume, wakiwa na madumu, sufuria, mabeseni ya nguo, pipa moja lililosukumwa juu ya baiskeli. Mwalimu alisimama penye bomba akiwapanga mstari kama shuleni, na aliyeruka foleni alirudishwa nyuma kwa jina lake la ubatizo. Hakumwambia yeyote kwamba ni mara ya mwisho. Pampu ilivuma bondeni. Kidhibiti kilinguruma ukutani, kikifanya kwa ajili ya chemchemi moja kazi iliyokusudiwa mji mzima.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Shamsa.

"Nasubiri watu wachote maji."

"Unasubiri *nini*?"

"Umesikia."

"Kagaruki, saa nne hii! Mradi wa mkoa mzima, wewe unasimamia foleni?"

"Ndiyo, mkuu."

Akakata, akavua koti, akaanza kubeba madumu ya wale wasioweza. Goti lilimuuma kila alipopanda ngazi za baraza. Alijaza pipa la Mwalimu la jikoni, mitungi yake miwili, ndoo zote, mpaka birika la chai. Saa tano kasoro robo, dumu la mwisho lilipofungwa kifuniko, Mwalimu mwenyewe alikwenda kwenye swichi. Alisimama hapo kidogo, mkono ukutani.

"Yalikuwa matamu," alisema, akazima.

Kagaruki alitoa bisibisi.

*

Alikiendesha kidhibiti cha kumi na mbili kikiwa kimefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Kwenye mteremko wa Muhutwe sindano ya mwendo ilipita mia na thelathini. Trafiki mmoja alinyoosha mkono, akaona sura ya dereva, akaushusha.

Saa sita na dakika ishirini alikuwa kituoni. Saa nane kasoro dakika tano fundi alikaza skrubu ya mwisho. Saa nane kamili wakaguzi wawili wa Mfuko, mmoja akiwa na mafua, walisimama mbele ya mita ya umeme na karatasi zao.

Pampu zilianza kwa mngurumo wa kawaida. Kisha, moja baada ya nyingine, zikashusha sauti. Namba kwenye mita zikaanza kuanguka. Mkaguzi mwenye mafua aliinama, akasoma, akasoma tena, akaandika.

Kagaruki hakungoja hotuba. Alitoka nje, akaketi kwenye ukingo wa saruji akitazama ziwa. Ndipo Shamsa alipopiga.

"Imepita. Fedha za awamu ya pili zinatoka. Ujenzi miezi kumi na minane, wanasema. Kwenye ripoti nimeandika kidhibiti cha kumi na mbili kimekamatwa nyumbani kwa mama wa mtuhumiwa."

"Futa."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mwanamke huyo amekizima kwa mkono wake. Andika kimerudishwa na Mwalimu Kokushubila kwa hiari yake. Ukiandika kimekamatwa, wapo watakaomfuata."

Shamsa alisikika akichapa. "Sawa, mzee," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Alikuwa hajashusha simu vizuri ilipolia tena. Namba hakuijua, lakini sauti aliijua, kwa sababu ilipazwa sana kama ya mtu anayeongea kwa spika.

"Tata, ni mimi, mama yake Mutalemwa. Namba nimeipata kwa jirani uliyemwachia."

"Nakusikia, mae."

"Sikupigii kwa mengi. Nataka kuuliza. Huko mlikomweka mwanangu, maji ya kunywa yapo?"

Kagaruki alitazama ziwa lote lile mbele yake.

"Yapo, mae," alisema.

"Haya. Wakola, waitu," alishukuru kwa Kihaya, akakata.

Kagaruki alitia simu mfukoni. Kisha aliinuka, akavuka barabara akichechemea, akanunua chupa mbili kubwa za maji dukani, akaelekea kituo cha polisi kwa miguu.